Duka Ndani ya Simu: Mazungumzo na Wafanyabiashara wa Keumbu

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa vyama vya akiba na wafanyabiashara wadogo wa soko la Keumbu, Wadi ya Keumbu, Kaunti ya Kisii.

  Anayejua soko hili anajua kwamba saa moja bila mtu mezani ni mkungu mmoja ambao haukuuzwa, kwa hiyo maneno yatakuwa machache na hesabu zitakuwa nyingi.

Chukulia mweka hazina wa chama cha akina mama kumi. Asubuhi moja simu yake inapokea jumbe mbili. Wa kwanza umetoka kwa binti wa jirani anayefanya kazi Nairobi: "Mama, unga wa wimbi wa huku umechanganywa na muhogo, hauna ladha ya nyumbani. Unaweza kunitumia pakiti mbili? Wenzangu wawili kazini nao wanataka." Wa pili umetoka kwa nambari asiyoijua: weka shilingi 2,000 leo, tazama matangazo kwenye simu yako, lete watu watano, na baada ya mwezi utapokea 10,000.

Jumbe zote mbili huitwa biashara ya mtandaoni. Sandukuni mna akiba ya akina mama kumi, pesa za karo ya Januari. Wa pili ndio unaovutia zaidi, kwa sababu hauna gunia la kubeba wala wimbi la kupepeta. Kwa hiyo na tuanze na huo.

Mtu mmoja alete watano. Hao watano kila mmoja alete watano, wawe 25. Kisha 125, kisha 625, kisha 3,125, kisha 15,625. Hatua ya saba inahitaji watu 78,125, ya nane 390,625, na ya tisa 1,953,125. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti nzima ya Kisii, watoto wa mgongoni wakiwemo. Kaunti inaisha kabla hatua ya tisa haijajaa. Hakuna tangazo linalotazamwa likazaa pesa hizo. Anayelipwa leo analipwa kwa pesa za aliyeingia jana, na siku wanaoingia wanapopungua, nambari ile ya simu huzimwa.

Hili si geni nchini. Mwaka 2006 na 2007 upatu wa piramidi, DECI ukiwa ndio uliojulikana zaidi, ulikusanya akiba za watu kote nchini na kupita hata makanisani. Ulipoporomoka, serikali iliunda jopo kazi lililoongozwa na Francis Nyenze kuchunguza mambo hayo, na ripoti yake ikatoka mwaka 2009. Wapo wazee ambao bado wanazo stakabadhi. Wakati ule ulihitaji ofisi, meza na karani. Sasa unahitaji simu moja tu, na ndiyo sababu unafika Keumbu upesi kuliko zamani.

Mweka hazina ana haki ya kuuliza swali moja tu: ni kitu gani kinauzwa hapa, na ni nani anakitumia? Jibu likiwa "unauza nafasi ya kuingia", mazungumzo yamekwisha. Na atakayesema kampuni imesajiliwa, aambiwe kwamba kusajili jina la biashara si leseni ya kupokea akiba za watu. Wanaokusanya pesa za uwekezaji kutoka kwa umma wanahitaji idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na benki huidhinishwa na Benki Kuu.

Sasa turudi kwa ujumbe wa kwanza, ule wa unga.

Keumbu si mgeni wa biashara ya simu. Anayesimama kando ya barabara ya Kisii kwenda Keroka huona malori ya ndizi yakipakia, na karibu kila mkungu unaopanda lori umeshauzwa kwa simu kabla haujakatwa. Jambo linalobadilika ni nani anayepiga simu hiyo. Kwa miaka mingi ni broka. Yeye anajua bei ya Nairobi, mwenye shamba anajua bei ya shambani pekee, na tofauti kati ya bei hizo mbili ndiyo nyumba ya broka.

Mwaka 2010 wasichana watatu wa Kenya, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, walianzisha M-Farm baada ya kushinda shindano la wabunifu wa teknolojia. Mkulima alituma ujumbe mfupi kwa nambari 3535 akajibiwa bei ya mazao sokoni. Hakuhitaji simu ya bei kubwa. Lilikuwa jambo dogo lakini liligusa pale panapouma: mkulima anayejua bei hakai na broka kama asiyejua.

Kisha mwaka 2014 ikaja Twiga Foods, na ilianza na nini? Ndizi. Grant Brooke, Mmarekani aliyekuja Kenya kufanya utafiti, na Peter Njonjo waliona kwamba ndizi inapita mikono mingi kabla ya kufika kwa mama mboga wa Nairobi, na kila mkono unaongeza bei. Wakaamua kununua kwa mkulima na kumpelekea mchuuzi moja kwa moja, maagizo yakipitia simu. Mwaka 2019 walipata dola milioni 30 kutoka kwa wawekezaji wakiongozwa na benki ya Goldman Sachs ya Marekani, na mwaka 2021 wakapata milioni 50 zaidi. Wengi walisema biashara ya broka imekwisha.

Broka yupo. Mwaka 2023 Twiga iliachisha kazi zaidi ya wafanyakazi 200, na mwaka uliofuata Njonjo akaondoka katika uongozi. Mwezi Mei 2024 Copia, kampuni nyingine iliyokuwa ikiwauzia watu wa vijijini bidhaa kupitia mawakala wa madukani, iliwekwa chini ya wasimamizi baada ya kukosa fedha, ingawa ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 100 tangu ianze mwaka 2013.

Si kwamba watu hao hawakuwa werevu. Kupokea agizo kwa simu ni rahisi. Kufikisha kitu mlangoni, kikiwa kizima, kwa gharama ambayo mnunuzi hataikataa, hapo ndipo pesa huliwa. Lori linakunywa mafuta likiwa limejaa au nusu. Ghala linalipiwa kodi. Ndizi inaiva ikitaka isitake. Kampuni kubwa inaweza kupata hasara kwa kila pakiti miaka kumi kwa sababu ina mwekezaji nyuma yake. Mama wa Keumbu hana. Hasara yake ya kwanza ni karo ya mtoto. Kwa hiyo, kabla ya picha nzuri na kabla ya kutafuta wafuasi, mwuzaji mdogo lazima ajue pakiti moja inamgharimu kiasi gani mpaka mkononi mwa mnunuzi.

Na tufanye hesabu hiyo pamoja. Bei hizi ni za mfano. Kila mmoja aweke za kwake.

Pakiti ni ya kilo 2. Kwa sababu wimbi hupungua likipepetwa, mama ananunua kilo 2 na gramu 100, kwa shilingi 130 kwa kilo, ambazo ni 273. Kusafisha na kukausha, 20. Kusaga, 20. Pakiti na kibandiko, 25. Hapo amefika 338. Nairobi pakiti inauzwa 500. Wengi huishia hapa, na baadhi huishia hata mapema zaidi: hutoa 273 kwenye 500, huona 227, huzidisha kwa pakiti 60 za mwezi, na kusema mwezi huu una faida ya 13,620. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kuacha meza ya ndizi. Asiiache bado.

Pakiti 10 zinasafirishwa kwa matatu ya sacco hadi Nairobi kwa 400, yaani 40 kwa kila pakiti. Boda boda ya kupeleka mzigo stendi ni 150, yaani 15 kwa pakiti. Bando la mwezi ni 600, yaani 10 kwa pakiti. Ada za kutoa na kutuma pesa, tuseme 5. Tumefika 408. Halafu kuna ile pakiti iliyopasuka njiani, ile aliyopewa mjomba bila malipo, na ile ya mnunuzi aliyeagiza akazima simu. Moja katika kila 20 ikipotea hivyo, ongeza 20. Jumla 428. Kwenye 500 zimebaki 72. Mara 60, ni 4,320.

Kutoka 13,620 hadi 4,320. Na bado hajajilipa saa za kupepeta.

Hesabu hii si ya kumkatisha mtu tamaa. Inamwonyesha wapi pa kukata. Akikusanya maagizo mpaka Alhamisi na kutuma pakiti 20 kwa pamoja badala ya 10, na sacco ikimtoza 500 kwa mzigo huo, usafiri unashuka kutoka 40 hadi 25 kwa pakiti, na boda boda kutoka 15 hadi 7.50. Faida inapanda kutoka 72 hadi 94.50. Kwa pakiti 60 hizo hizo, ni 5,670. Hajapandisha bei, hajapata mnunuzi mpya, hajaweka picha hata moja zaidi. Amebadilisha siku ya kutuma tu.

Ndiyo maana pia unga ni mwanzo bora kuliko mkungu. Mkungu ni mzito, bei yake kwa kilo ni ndogo, na hausubiri Alhamisi. Chinsaga na managu hazifiki hata Jumanne. Wachongaji wa Tabaka wana taabu nyingine: jiwe lao la sabuni linapendwa mpaka ng'ambo, halioizi kamwe, lakini ni zito na huvunjika, kwa hiyo kufunga mzigo kwaweza kugharimu karibu sawa na kuchonga. Wimbi liko katikati. Ni kavu, linafungika, na mtu wa Gusii aliye mbali na nyumbani, awe Nairobi au Minnesota, haambiwi faida zake. Anazijua tangu utotoni. Hata hivyo Minnesota ingoje. Kutuma chakula nje ya nchi kuna masharti yake, na mwaka wa kwanza Nairobi inatosha.

Sasa, wanunuzi watatoka wapi? Kijana wa kwanza atakayeulizwa atasema Facebook na TikTok, na hakosei. Lakini mwanzo mzuri ni yule binti wa jirani na wenzake wawili. Hao watatu, wakipata unga usio na mchanga, uzito kamili, siku iliyoahidiwa, wataleta wengine sita bila shilingi ya matangazo. Unga ukifika na mchanga, wataeleza hilo pia, na upesi zaidi. WhatsApp ya biashara, iliyoanza mwaka 2018, haitozwi kitu kuipakua na ina mahali pa kupanga picha za bidhaa na bei zake. Bei iandikwe. Mnunuzi anayeambiwa "njoo faragha nikwambie bei" huhisi kwamba bei yake itapimwa kwa viatu vyake.

Pamoja na simu, kuwe na daftari. Ndilo duka lenyewe. Jina la mnunuzi, nambari, alichonunua, siku unga wake utakapokaribia kuisha. Familia inayomaliza pakiti kwa wiki tatu ipigiwe simu wiki ya tatu. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima dunia nzima kwa takriban saa sita. Aliyekuwa na wanunuzi wake wote ndani ya WhatsApp alikaa akitazama kioo. Aliyekuwa na daftari aliwapigia. Na akaunti zinaibwa, simu zinaanguka majini. Mtandao ni pango la kupanga, si shamba la urithi.

Malipo yawe kabla ya mzigo kupanda gari, angalau nusu. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007 hakuna sababu ya kumwamini mtu kwa ahadi tupu. Wala ujumbe wa malipo usiaminiwe kwa macho tu. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA. Wa wezi mara nyingi huja kutoka nambari ya kawaida ya simu, na hufuatwa na mtu mwenye haraka anayesema "nimetuma zaidi kwa bahati mbaya, nirudishie". Tazama salio kwanza. Pesa zikiwa zimeingia kweli kimakosa, mtumaji apeleke ujumbe wake kwa 456, na Safaricom wataishughulikia. Mwuzaji asirudishe kwa mkono wake.

Mambo ya serikali nayo yasemwe, maana wengi huyaogopa mpaka yanawakuta. Leseni za biashara ni jukumu la kaunti, na kusaga na kufunga unga nyumbani kwa ajili ya kuuza hakuondoi hitaji hilo, wala lile la afya ya umma. Unga wa pakiti unaolenga rafu za maduka unahitaji alama ya ubora ya KEBS, na ni heri kuuliza masharti yake kabla ya kuchapisha vibandiko elfu moja. Kuhusu kodi: tangu Julai 2023 biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka hulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3. Zingatieni neno hilo, mauzo. Haitozwi kwa faida. Mama wa pakiti 60 anauza 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka, kwa hiyo bado yuko chini. Siku atakapovuka milioni 1, shilingi 15 zitatoka katika kila pakiti ya 500, na kwenye faida ya 72 hizo si kidogo. Ziingizwe kwenye bei mapema.

Jambo moja ambalo vijana hulisahau: picha za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda mnunuzi. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Kama klabu imetozwa kiasi hicho, kibanda cha unga kisiweke picha ya mtoto wa mteja akinywa uji bila kumwuliza mama yake.

Mtaji je? Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, hutoa mkopo binafsi kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Riba hiyo ni nafuu. Lakini mkopo huo hulipwa ndani ya siku 14, na siku 14 ni fupi kwa mtu anayenunua wimbi wakati wa mavuno ili aliuze miezi mitatu. Unafaa kununua pakiti na kulipa usafiri wa mzigo ambao tayari umeagizwa. Haufai kujaza ghala. Ghala lijazwe na faida, na hapo ndipo neno utajiri linapoingia, kama lina mahali pake hapa. Mama anayerudisha 4,000 kila mwezi ndani ya biashara ana 48,000 baada ya mwaka, pesa zisizo na riba na zisizo na tarehe. Anaweza kununua wimbi la gunia wakati wa mavuno bei ikiwa chini, na zile 273 zikashuka. Anayekula yote 4,320 kila mwezi atakuwa na pakiti 60 mwaka ujao pia, na mwaka wa kufuata.

Basi mweka hazina yule bado anashika simu, na jumbe mbili hazijajibiwa. Nambari ile ngeni inataka 2,000. Kwa 2,000 hiyo hiyo, pakiti tano za unga zinatengenezwa kwa 1,690. Binti wa jirani ameagiza mbili; wenzake wawili wachukue moja moja; ya tano iende ofisini kwao ipikwe uji wa saa nne, wengine waonje. Zinabaki 310 za boda boda na gari. Zikipungua kidogo, shangazi anayesafiri Jumapili atabeba. Pakiti zilizolipiwa ni nne, yaani 2,000 imerudi, bila faida, pamoja na majina matatu ya kuandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari.